Vijiti vya dramu: kile cha sebene hakifai kwaya

Jumapili asubuhi, katika makanisa mengi ya Bukavu, Goma ao Uvira, hali huwa moja. Kuna kwaya ya sauti nne, spika mbili, kinanda, gitaa, na pembeni kijana anayepiga dramu. Ukuta ni wa saruji, paa ni la mabati, hakuna pazia wala zulia la kumeza sauti. Wimbo wa kwanza haujafika katikati, wazee wa benchi la mbele wanaanza kugeuka. Sauti za akina mama hazisikiki tena. Kinachosikika ni matoazi.

Kijana huambiwa apige polepole. Anajaribu kwa dakika mbili, kisha mkono unarudia nguvu yake. Kuna makanisa yanayomzungushia ukuta wa plastiki, na mengine yanamwondolea toazi moja ao mawili. Ni mara chache mtu anaangalia kile alichoshika mkononi: vijiti vinene na vizito, vilivyotengenezwa kwa ajili ya watu wanaopiga roki mbele ya umati uwanjani. Alivinunua kwa sababu ndivyo vilivyobaki dukani, ao kwa sababu muuzaji alimwambia kwamba vinene havivunjiki.

Bageti, kama wapiga dramu wetu wanavyoviita vijiti hivi, ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote katika seti ya dramu. Lakini hakuna kitu kingine kinachobadilisha sauti haraka namna hiyo, na bila kununua ngoma mpya. Mpigaji yuleyule, kwenye ngoma zilezile, akibadilisha vijiti tu, anaweza kuacha kufunika kwaya. Shida ni kwamba wengi wanajifunza kupiga kwa kuangalia wakubwa wao, na hakuna anayewaeleza maana ya zile nambari zilizoandikwa kwenye mti.

Nambari na herufi zinasema nini

Kwenye vijiti vingi utasoma 7A, 5A, 5B ao 2B. Mtindo huo ulitoka Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, na unahusishwa na William F. Ludwig, mtengenezaji wa ngoma wa Chicago. Herufi ilionyesha kazi ya kijiti. B ilikuwa ya bendi, yaani bendi kubwa za tarumbeta na ngoma. S ilikuwa ya barabarani, kwa wale wanaopiga wakiandamana. A ilikuwa ya okestra. Inasimuliwa kwamba Ludwig aliacha kutumia O kwa sababu hakupenda namna ilivyoonekana ikichapwa.

Nambari inaonyesha unene, lakini kwa kugeuza: nambari ikiwa ndogo, kijiti ni kinene zaidi. Hapo ndipo wanaoanza wanakosea, wakifikiri 7A ni kikubwa kuliko 2B. Tukichukua vipimo vya kampuni ya Vic Firth, 7A ina unene wa milimita 13.7 hivi na urefu wa sentimita 39. 5A ina milimita 14.4, na 5B milimita 15.1, zote mbili zikiwa na urefu wa karibu sentimita 41. 2B inafika milimita 16. Mtu anaweza kusema milimita mbili si kitu. Lakini mpiga dramu anainua kijiti hicho maelfu ya mara katika ibada moja, na tofauti hiyo ndogo inaongezeka katika kila pigo.

Ni vizuri kujua pia kwamba hakuna sheria inayolazimisha makampuni kufuata kipimo kimoja. 5A ya kampuni hii inaweza kuwa nene ao nzito kuliko 5A ya kampuni ile. Nambari inakuonyesha njia, mkono ndio unaamua.

Mti gani?

Vijiti vingi vinavyouzwa duniani vimetengenezwa kwa mti unaoitwa hikori, unaoota mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Sifa yake kubwa ni kwamba unameza mtikisiko: unapogonga toazi kwa nguvu, pigo halirudi lote kwenye kiganja. Mti wa mepo ni mwepesi zaidi. Kijiti cha mepo kinaweza kuwa kinene mkononi bila kuwa kizito, kwa hiyo wanaopiga kwa upole wanakipenda, ijapo kinachakaa haraka kikigongwa kwenye ukingo wa toazi. Mwaloni ni mzito na mgumu. Unadumu, lakini mtikisiko wake unafika mkononi.

Na miti yetu? Katika miji ya Kivu, kijana asiye na pesa huenda kwa seremala na kuomba achongewe jozi kwa mkaratusi, mpera ao mti wowote mgumu uliopo. Si jambo la kucheka. Vijiti hivyo vimefundisha watu wengi kupiga. Lakini kuna mambo mawili ya kuangalia. La kwanza, mti uwe umekauka kabisa, maana mti mbichi unapinda ndani ya wiki chache. La pili, nyuzi za mti ziende sawa kutoka mwisho hadi mwisho. Nyuzi zikikatiza upande, kijiti kitavunjika hapo, na kipande chake kitaruka kuelekea mtu.

Jambo ambalo seremala hawezi kulitimiza kwa urahisi ni kufanya vijiti viwili vilingane. Kimoja kinakuwa kizito kuliko kingine, na mkono wa kushoto unaanza kuchelewa. Mwanafunzi anafikiri ni yeye asiyejua.

Tatizo hilo halikuwa la seremala wa Kivu peke yake. Vic Firth, aliyepiga ngoma za timpani katika okestra ya Boston Symphony kwa miaka mingi, hakuridhika na vijiti vilivyokuwa madukani wakati wake. Alichonga vya kwake kwa mkono, akavituma kwa fundi mmoja huko Montreal, Kanada, amtengenezee vingine kama hivyo. Mwaka wa 1963 kampuni yake ikaanza. Sifa iliyoijengea jina ni kupanga vijiti kwa jozi: vilingane uzito, na vilingane hata sauti vikigongwa.

Kichwa na shingo

Ncha ya kijiti, ile sehemu ndogo inayogusa ngoma, ndiyo inayoamua toazi litasema nini. Ncha ndogo ya mviringo inatoa sauti safi na fupi. Ncha nene inayofanana na pipa inagusa sehemu kubwa ya ngozi, kwa hiyo sauti inajaa na kuwa kubwa. Ile yenye umbo la tone la maji iko katikati ya hizo mbili, na inabadilika kidogo kufuatana na namna unavyoinamisha mkono.

Zamani ncha zote zilikuwa za mti. Mwaka wa 1958, Joe Calato, mpiga dramu na fundi wa mbao wa mji wa Niagara Falls, jimbo la New York, alitengeneza ncha ya nailoni kwa sababu ncha za mti zilikuwa zinamchakalia. Nailoni inadumu na inafanya toazi litoe mlio mkali unaong'aa. Kwenye dramu za umeme inasifiwa, kwa sababu haitoi vibanzi vya mti vinavyoharibu ngozi za wavu. Lakini ndani ya chumba cha mabati, mlio huo unaong'aa ndio hasa unaopasua masikio. Kwa kanisa dogo, ncha ya mti ni bora.

Shingo, pale kijiti kinapopungua kuelekea ncha, ina kazi yake pia. Shingo ndefu inafanya mbele kuwe kwepesi, kijiti kinacheza na kufuata vidole. Shingo fupi inaacha uzito mbele, na pigo linaanguka kama nyundo.

Rumba, na kisha sebene

Mpiga dramu wa Congo ana shida ambayo vitabu vya Ulaya na Marekani haviielezi vizuri, kwa sababu wimbo mmoja wa kwetu mara nyingi ni nyimbo mbili. Sehemu ya kwanza ni rumba: polepole, mwimbaji anasimulia, gitaa linamjibu. Mpigaji analaza kijiti juu ya ngozi ya kesi klere, ile ngoma ya katikati yenye nyuzi za chuma chini yake, na kugonga ukingo. Sauti inayotafutwa ni kavu, kama mti juu ya mti. Kijiti chembamba sana hapo kinasikika hafifu. Ndiyo maana wapigaji wengi wanakigeuza, wakigonga ukingo kwa upande wa nyuma ulio mnene.

Kisha gitaa linafungua sebene, na kila kitu kinabadilika. Mwendo unapanda, atalaku anashika maikrofoni, wachezaji wanaingia, na sehemu hiyo inaweza kuendelea dakika nyingi bila kupumzika. Mkono wa kulia uko kwenye sharle, yale matoazi mawili yanayofungwa kwa mguu, ao kwenye kesi klere yenyewe, ukirudia mdundo uleule bila kukosea. Kinachotakiwa hapo ni kijiti kinachorudi chenyewe baada ya kugonga. Nguvu inakuja nyuma.

Mdundo huo una historia. Zaïko Langa Langa, bendi iliyoanzishwa Kinshasa Desemba 1969, iliacha tarumbeta zilizokuwa zikisikika katika okestra za wakubwa, ikaweka mbele magitaa na kesi klere. Mpiga dramu wake Meridjo Belobi ndiye anayetajwa kwa mdundo wa cavacha, ambao wanamuziki wanasimulia kwamba ulitokana na mlio wa gari la moshi. Ulienea katika miaka ya 1970 ukafika mpaka Nairobi. Ukiusikiliza vizuri utaona hauchezwi kwa kishindo. Ni mapigo mengi madogo, yaliyo karibukaribu, yanayosukuma wimbo mbele. Awilo Longomba, ambaye wengi wanamjua kama mwimbaji wa kuchezesha watu, alikuwa mpiga dramu kabla ya kushika maikrofoni. Labda ndiyo sababu nyimbo zake hazimwachi mtu akae.

Kwa kazi hiyo, 5A ya hikori yenye shingo ndefu kiasi ndiyo jibu la kwanza kwa wengi. Inatosha kugonga ukingo katika rumba, na haichoshi katika sebene. Mwenye mikono midogo, ao anayepiga studioni ambako maikrofoni iko sentimita chache kutoka kwenye ngoma, anaweza kushuka hadi 7A. Anayepiga nje, kwenye arusi ao mkutano ambako ngoma hazina maikrofoni, anaweza kupanda hadi 5B. Zaidi ya hapo analipa kwa kifundo cha mkono. Mpigaji aliyezoea 2B anaanza sebene vizuri; ni katika dakika ya nane ndipo mdundo unaanza kulegea, na wenzake wanamwangalia.

Tony Allen wa Nigeria, aliyejenga mdundo wa afrobeat akiwa na Fela Kuti na aliyefariki Paris mwaka wa 2020, ni mfano mzuri kwa anayefikiri kwamba muziki wa kuchezesha watu unahitaji kijiti kizito. Alitoka katika kusikiliza wapiga jazi wa Marekani kama Art Blakey na Max Roach, na mguso wake ulibaki mwepesi hata bendi ilipokuwa kubwa nyuma yake.

Ndani ya kanisa

Turudi kwa yule kijana wa Jumapili. Kwa kwaya isiyo na vyombo vikubwa vya sauti, 7A yenye ncha ndogo ya mti inaondoa sehemu kubwa ya shida. Haimlazimishi ajizuie, jambo ambalo ni gumu kwa mtu wa miaka kumi na saba. Kijiti chenyewe ndicho kinachojizuia. Kikiwa cha mepo, ni bora zaidi.

Kwa nyimbo za kuabudu zinazokwenda polepole, kuna fito: vijiti vyembamba vingi vilivyofungwa pamoja kama mfagio mdogo. Vinapiga, lakini sauti inatoka laini. Kuna pia brashi za waya, zilizozoeleka katika jazi, ambazo mtu anaweza kuzisugua juu ya ngozi badala ya kugonga. Fito mtu mwenye subira anaweza kujitengenezea, kwa vijiti vya mwanzi vilivyonyooka na mpira wa ndani wa gurudumu la baiskeli. Havitadumu mwaka, lakini ibada itasikika.

Mvua nayo ina neno lake. Ikianguka juu ya mabati, kila mpigaji anaongeza nguvu bila kujua, na mvua inapoacha yeye haachi.

Si sauti ya kwaya tu inayopotea. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa nane za kazi, na kila desibeli 3 zikiongezeka, muda salama unakatwa nusu. Kwa hesabu hiyo, kwenye desibeli 100 muda salama ni dakika 15 tu, na dramu ikipigwa kwa nguvu ndani ya chumba kidogo inafika hapo bila shida. Anayekaa karibu zaidi na matoazi ni mpigaji mwenyewe. Mlio unaobaki masikioni Jumapili jioni ni dalili, si uchovu. Vivyo hivyo maumivu ya kifundo cha mkono: kijiti kizito kinachoshikwa kwa kukaza vidole kinaumiza mishipa polepole, na mtu anakuja kujua wakati hawezi tena kufungua kifuniko cha chupa.

Wanaopiga wakisimama

Si kila ngoma inapigwa mtu akiwa amekaa. Fanfare za Wakimbangu, zinazoonekana katika sherehe na maandamano ya kanisa hilo, zinapiga nje, zikitembea, pamoja na tarumbeta. Huko kijiti kizito kina haki yake. Ngozi ya ngoma inakazwa sana, sauti inatakiwa kufika mwisho wa msururu, na mpigaji hashindani na mwimbaji mmoja. Vijiti vya aina hiyo ni virefu na vinene kuliko vya dramu ya kawaida. Anayevichukua na kuviingiza katika kanisa la mtaa anafanya kosa lilelile la mwanzo.

Kinshasa kuna pia Okestra ya Simfoni ya Wakimbangu, iliyoanzishwa mwaka wa 1994 na Armand Diangienda. Katika muziki wa namna hiyo, mpiga kesi klere anaweza kungoja kwa muda mrefu, halafu aingie kwa mviringo wa ngoma usiosikika karibu, unaopanda polepole mpaka juu. Wengi wanatumia hapo kijiti cha mepo, kinene lakini chepesi, chenye ncha ya mviringo, ili mapigo yaungane kama kitambaa kimoja. Unene peke yake hausemi kitu bila kujua uzito na mti.

Kununua bila kudanganywa

Vijiti vyenye jina kubwa vinaigwa, na rangi ya herufi haithibitishi kitu. Lakini kuna majaribio matatu ambayo muuzaji hawezi kuyakataa, na hayagharimu franka hata moja.

La kwanza, laza kila kijiti juu ya meza ya duka ao kioo cha kaunta, ukiviringishe. Kilichonyooka kinakwenda kimya. Kilichopinda kinarukaruka, na ncha yake inacheza juu na chini. La pili, shika kimoja kwa kulegeza vidole, ugonge kwa ncha ya kingine, kisha ubadilishe. Vikitoa sauti mbili tofauti sana, uzito wao haulingani. La tatu, angalia nyuzi za mti kwenye mwanga kutoka nyuma hadi ncha. Zikitoka upande kabla ya kufika shingoni, rudisha.

Baada ya hapo kishike pale unapopigia, karibu theluthi moja kutoka nyuma, ugonge kitu kisicho kigumu, hata goti lako. Kikirudi chenyewe, kinakufaa. Ukilazimika kukiinua kila mara, ni kizito kwako, hata kama rafiki yako anakisifu.

Muuzaji aliyesema vinene havivunjiki hakudanganya kabisa. Vinachelewa kuvunjika. Lakini vijiti vingi havivunjiki kwa wembamba, vinavunjika kwa namna ya kupiga: mtu anagonga ukingo wa toazi kwa ubavu wa kijiti, hapo hapo kila siku, mpaka mti unaliwa kama muhindi. Kijiti kinene kwa pigo la namna hiyo kinahamisha tu hasara, kwa maana toazi ndilo litakalopasuka, na toazi si kitu cha kununua kila mwezi. Kuinamisha toazi kidogo kuelekea mpigaji, na kulipiga kwa kupitisha mkono badala ya kulikata, kunalinda vyote viwili.

Kwa mwenye pesa ya jozi moja tu, anayepiga kwaya Jumapili na bendi ya mtaa Jumamosi, walimu wengi wanaanzia 5A ya hikori yenye ncha ya mti. Jozi ya pili ikipatikana, iwe 7A, ikae kanisani. Mtoto anayeanza apewe 7A moja kwa moja. Vijiti visiachwe chini ya mabati kwenye jua ao kwenye sakafu yenye unyevu, vitapinda vyote viwili, na si upande mmoja.

Kimoja kikivunjika, kile kilichobaki hakitupwi. Wapigaji wengi wana mfuko wa vijiti vilivyofiwa na wenzao, na Jumamosi jioni utawaona wakivigonga kimoja kimoja karibu na sikio, wakitafuta viwili vyenye sauti moja kwa ajili ya ibada ya kesho.